Kambi Isiyo na Kaburi

Ukifika Kambi Mizani saa nne asubuhi utadhani kijiji kizima kimekamatwa. Milango ina minyororo, kuku ndio wenye mji, na mbuzi wa Maximilla anapita nyumba hadi nyumba akikagua masufuria ya watu kama afisa wa afya. Wenyewe wako Kisumu. Wameondoka saa kumi na moja alfajiri wakifuata reli kwa miguu hadi Mamboleo, na hapo wakatawanyika: huyu Kibuye kufungua marobota ya mitumba, huyu kubeba magunia ghalani, huyu Milimani kufua nguo za watu, yule karakana kuchomelea mageti ambayo hatawahi kukaribishwa ndani yake. Jioni wanarudi, wanapika, wanalala. Wakili wa kampuni aliiambia mahakama kwamba Kambi Mizani si kijiji, ni kitanda. Watu wa Kambi waliokuwa kwenye mabenchi walicheka. Hawakujua wanajichekea.

Historia ya mahali pale ni fupi na haina shujaa. Palikuwa na kiwanda cha sukari guru, mashamba ya miwa, na mizani kubwa ya chuma ya kupimia matrekta. Wakataji waliletwa kutoka Bungoma na Kakamega, wakajengewa vyumba kwa safu. Wahenga husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa panga siku ya kwanza. Kiwanda kikafa, mwenye kiwanda akafa, watoto wake wakaenda ng'ambo wakasahau. Miwa ikarudi zake Muhoroni. Hapa yakabaki mabati, mizani iliyoliwa na kutu, na watu ambao hakuna aliyekumbuka kuwaambia waondoke. Wakaanza kwenda mjini kutafuta kazi na kurudi kulala, baba kwa mtoto kwa mjukuu, miaka arobaini na zaidi.

Jambo moja walijivunia kuliko yote: hakuna mtu wa Kambi aliyezikwa Kambi. Ukifa kwa malaria, kwa gari, kwa uzee, hata ukifa kwa ujinga wako mwenyewe, jeneza lako litafungwa juu ya gari na utaimbiwa hadi Bungoma, hata kama mlango wa chumba chako Kambi hujawahi kuubadilishia bawaba. Watoto wachanga walisafirishwa. Mlevi mmoja ambaye hakuna aliyejua boma lake alisafirishwa pia, wakamzungusha vijiji vitatu mpaka wakapata shangazi.

Kazi hiyo ilikuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa Mzee Waliaula.

Waliaula alikuwa na miaka sitini na saba, fundi wa kurekebisha mizani ya wauza samaki na nyanya pale Kibuye. Alikuwa mtu mkavu, mwenye vidole virefu na sikio linaloweza kusikia springi inayodanganya. Kwa miaka ishirini na saba ndiye aliyekuwa akiandika daftari la chama cha mazishi. Mstari mmoja kwa kila marehemu: jina, tarehe, na maneno mawili ya mwisho yasiyobadilika. Amepelekwa nyumbani.

Ng'ambo ya reli aliishi rafiki yake Ondiek, Mjaluo wa hapo hapo, ambaye makaburi ya baba na mama yake yalikuwa mbele ya mlango, yamepakwa simiti laini, naye akianika mahindi juu yake.

"Omera Waliaula," Ondiek alipenda kumwambia, maana kwao omera ni ndugu, "nyinyi mnakaa hapa na tako moja. Tako lingine liko Bungoma."

"Afadhali tako moja kuliko kuanika mahindi juu ya baba yako."

"Baba anayalinda. Wewe, ya kwako yanalindwa na nani?"

Walikuwa wanataniana hivyo tangu ujana, na Waliaula alikuwa akicheka, lakini kicheko chake kwa mzaha huo hakikufika machoni. Ondiek pia alijua kwa nini. Walikuwa watu wawili tu duniani wanaojua.

*

Kampuni ilikuja mwaka jana na karatasi. Warithi wa mwenye kiwanda walikuwa wameuza. Pangejengwa nyumba za ghorofa, na kwenye picha waliyobandika barabarani hapakuwa na kuku hata mmoja. Watu wa Kambi wakatafuta wakili, wakapata msichana mmoja anayeitwa Sheryl, mdogo wa umbo, mwenye kuzungumza haraka kama anayekimbizwa na mvua. Aliwaambia wana nafasi. Sheria inamtambua mtu aliyekaa juu ya ardhi zaidi ya miaka kumi na miwili akiishika kama yake, waziwazi, bila mtu kumfukuza.

"Tuna ushahidi gani wa miaka?" aliuliza.

Wakampa daftari la marehemu. Lilikuwa na majina arobaini na moja na tarehe zake zote. Sheryl alilikumbatia kama mtoto.

Siku ya kesi, wakili wa kampuni alisimama. Alikuwa na sauti ya upole, ile ya daktari anayetaka kukuambia mguu hautapona. Waliaula alikuwa kizimbani, ameapa kwa Biblia.

"Mzee, huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Hebu nisomee mstari wa kwanza."

Waliaula alivaa miwani. Alikohoa mara mbili. "Nabututu, mke wa Waliaula. Novemba 1997. Amepelekwa nyumbani."

"Pole sana, mzee. Wa pili?"

Akasoma wa pili. Akasoma wa tatu. Yule bwana alimsomesha mistari kumi na mmoja, polepole, na kila mmoja ulipoishia *nyumbani* alitikisa kichwa kama anayesikiliza kwaya.

"Katika hawa wote arobaini na mmoja, kuna aliyezikwa hapo Kambi Mizani? Hata mmoja?"

Waliaula alitazama mabenchi. Nangila, binti yake wa pekee, alikuwa amekaa mbele na sare yake ya hoteli. Nyuma kabisa alikuwa Ondiek, ameshika kofia, na Ondiek aliinamisha macho.

"Hakuna hata mmoja," alisema Waliaula.

"Basi mzee, nisaidie. Nyumbani ni wapi?"

"Ni Bungoma."

"Ahsante. Mheshimiwa, hawa ni watu wazuri. Walikaa hapo kwa ruhusa ya mwajiri, na wenyewe hawajawahi kusema ni kwao. Wamesema mara arobaini na moja kwamba kwao ni kwingine. Wameandika."

Hapo ndipo watu wa Kambi walipoacha kucheka.

Jaji, mama mmoja wa makamo asiyependa kelele, alisema atakuja mwenyewe kuona mahali, Alhamisi, wiki tatu zijazo. "Nionyesheni," alisema, "kitu kimoja mlichofanya juu ya ardhi ile ambacho mpangaji hafanyi kwenye nyumba ya kupanga."

Nje, Sheryl alimvuta Waliaula kando ya ukuta. "Mzee, mnaelewa amewapa mlango? Ametuambia kabisa anachotaka. Mti wa ukumbusho, kanisa, kitu cha kudumu. Kaburi lingetosha. Kaburi moja la zamani tu, kesi imekwisha. Mpangaji hazikwi kwa landilodi." Akamtazama usoni. "Hakuna kabisa?"

Waliaula alisema amechoka, wataongea kesho.

*

Kwa miaka yote hiyo, kila jioni akitoka Kibuye, Waliaula aliketi juu ya lile bamba la chuma lililong'olewa kwenye mizani ya zamani, likalazwa chini nyuma ya vyumba karibu na mfereji. Watoto wa Kambi waliliita kiti cha mwenyekiti. Waliamini anapunga upepo.

Chini ya bamba alikuwa Nabututu.

Ilikuwa mvua ya El Nino. Mito yote ilikuwa imesahau mipaka yake, na Kambi nzima ikahamishiwa shule moja huko Mamboleo, Nangila akiwa na miaka minne mgongoni mwa Maximilla. Nabututu hakuhama, alikuwa na homa ambayo haikumruhusu hata kukaa. Waliaula alibaki naye, na Ondiek akabaki kwa sababu hakuwa na adabu ya kuondoka. Nabututu alikufa siku ya pili. Daraja lilikuwa limekwenda, maji yalikuwa kiunoni, mochari ilikuwa upande mwingine wa dunia. Walimkesha siku tatu. Siku ya nne Ondiek alisema, "Ndugu yangu, huyu mtu anatuomba." Walitafuta mwinuko pekee uliobaki, wakachimba, na kwa kuwa maji yangemfukua, wakaburuta bamba la mizani wakamfunika.

Watu waliporudi Waliaula aliwaambia mkewe yuko mochari mjini. Angeweza kusema kweli, wangelia, wangesamehe. Lakini wiki mbili kabla ya mvua walikuwa wamemchagua mwenyekiti, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama juu ya kiti akaapa hakuna wa Kambi atakayelala ugenini. Na mama wa Nabututu, siku ya kumtoa binti yake, alikuwa amesema neno moja tu: usiniachie mtoto kwenye miwa. Basi barabara ilipofunguka alinunua jeneza, akatia shina la mgomba kama wafanyavyo watu waliopotelewa na mwili, ila wao hutangaza. Yeye alipigilia misumari akasema ugonjwa ulikuwa mbaya, pasifunguliwe. Shina likazikwa Bungoma kwa nyimbo na kilio. Akarudi akafungua daftari jipya, akaandika mstari wa kwanza.

Arobaini waliofuata aliwasafirisha kwa bidii ambayo watu waliita moyo wa huruma.

Usiku uleule wa kesi alimwambia Nangila. Alimwambia wakiwa wanachambua maharagwe, bila kuinua uso.

Nangila aliacha kuchambua. Halafu akasema, "Kila Desemba unanituma nikafagie kaburi la mama."

"Ndiyo."

"Nilimwambia mgomba nimepita darasa la nane, baba. Nilipopata kazi nilienda nikauambia mgomba." Alicheka kicheko kifupi kibaya. "Nimeupelekea maua. Mgomba!"

"Nangila."

"Na mama yuko hapo tunapomwaga maji ya vyombo."

Waliaula alitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyeuchimba ule mfereji upande mwingine mwaka wa 1998 ili maji yasipite pale, lakini aliona si utetezi wa kumpa mtu. Waliendelea kuchambua. Hatimaye Nangila alisema, "Mwambie wakili. Angalau mama atusaidie kitu, maskini."

*

Sheryl aliposikia alipiga meza kwa furaha, kisha akaona haya. "Miaka ishirini na saba! Mzee, hiyo ni zaidi ya mara mbili ya inayotakiwa. Ulisema uongo kizimbani, hilo niachie mimi, nitaomba uitwe tena palepale jaji akija." Jumapili alikuja Kambi kuwaambia watu wote uso kwa uso. "Sikilizeni, nyote. Msiguse pale. Hata majani msing'oe. Hilo kaburi ndilo kesi. Pasipo hilo, hatuna kitu."

Watu walikuwa wamejaa uani. Maximilla, mweka hazina wa chama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu sokoni, alimwangalia Waliaula kwa muda mrefu.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi nilimbeba mtoto wako mgongoni. Tumebeba watu arobaini pamoja. Kumbe wa kwanza uliruka!"

"Niliruka."

"Na ulipokuwa unatupigia kelele tuchange haraka, maiti asilale siku ya tatu?"

"Nilijua ninachosema," alisema Waliaula.

Walikubaliana wanyamaze hadi Alhamisi ya jaji. Watu mia mbili wakakubaliana kunyamaza, kila mmoja na simu yake mfukoni. Kabla ya jua kutua habari ilikuwa imefika Bungoma, imenywa chai, na inatafuta gari la kurudi.

Ijumaa jioni alikuja Nakhungu, mama wa Nabututu.

Alikuwa na miaka tisini na moja. Aliletwa na wanawe wawili, ameketi mbele ya pikapu na mkongojo kati ya magoti. Sasa, kwa desturi yao, mama mkwe na mkwe hawatazamani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Mmoja akitokea njiani mwingine huingia vichakani. Tangu amwoe Nabututu, Waliaula hakuwahi kuuona uso wa mama yule isipokuwa kwa bahati mbaya, mara moja, harusini kwa watu. Kwa hiyo yeye alikaa ndani, na bibi akawekewa kigoda nje, mgongo kwenye ukuta wa mabati, wakazungumza wakitenganishwa na bati lenye matundu ya misumari. Kambi nzima ilisimama uani ikisikiliza upande mmoja na kukisia wa pili.

"Mkwe," alisema Nakhungu.

"Mama."

"Sikuja kugombana. Nguvu ya kugombana niliimaliza na baba yao. Nimefagia kaburi la mgomba miaka ishirini na saba. Nikipika nyama nilikuwa naweka kipande pale. Najiuliza nilikuwa namlisha nani."

Kivuli cha kichwa cha Waliaula kilionekana kwenye matundu.

"Nipe mtoto wangu."

"Nitakupa, mama. Naapa. Lakini kuna kesi. Jaji anakuja Alhamisi ijayo, si hii, ile nyingine. Akishaona tu nitamleta mwenyewe. Ni wiki mbili hazifiki."

"Wiki mbili." Bibi alichezesha fizi. "Mkwe, nina miaka tisini na moja. Wiki mbili ni mali ya vijana. Jana usiku nimelala na viatu, nikasema nikiitwa nisichelewe. Unataka nife nikimwacha hapa, kwa mara ya pili, na sasa nikijua?"

"Watu hawa watafukuzwa, mama. Wote."

"Hapa ni kwao?"

Swali lile lile. Waliaula alilifahamu, lilikuwa limevaa suti mara ya kwanza. Safari hii limevaa leso na linanuka moshi wa kuni.

Alitoka kwa mlango wa nyuma ili asimwone, akazunguka, akasimama mbele ya watu wake. Wangeweza kumkataza. Neno moja tu lingetosha. Angelishika kama mtu anayezama. Alimwangalia Maximilla, na Maximilla alikuwa analia, mikono kichwani. Aliwaangalia wachomeleaji, wafuaji, wabebaji. Watu mia mbili wenye kesi mahakamani, wanaojua kabisa alichosema wakili, na hakuna aliyesema ngojeni. Lini watu wa Kambi waliwahi kumwambia mama ngoja? Kitu walichojua kufanya duniani kilikuwa kimoja, na miguu yao ilikuwa imeshaanza kukifanya. Mmoja alikuwa anapiga simu ya gari. Mwingine ameshavua kofia aipitishe kwa mchango. Na Waliaula mwenyewe, aliyebeba majeneza arobaini na kila moja likiwa zito kwa sababu ya yule ambaye hakumbeba, alisikia kifua kikifunguka kwa jambo ambalo halikuwa na akili yoyote.

"Leteni majembe Jumapili," alisema. "Baada ya ibada."

*

Jumapili walimkuta Ondiek amesimama juu ya bamba, mikono kiunoni.

"Shuka, Ondiek," alisema Waliaula.

"Sishuki. Nyinyi ni wazimu. Watu wazima, mna wakili, mna kaburi, kesi iko mfukoni, halafu mnafukua! Mngekuwa mna wengine kumi ningesema sawa. Mko na mmoja!"

"Ni wetu."

"Ni wangu pia! Nani alichimba? Wewe ulikuwa unalia tu kama beberu." Sauti yake ilipasuka. "Omera, siku kumi. Siku kumi tu, kisha nitamfukua kwa kucha zangu nikitaka."

Hakuna aliyemgusa. Ndipo Nakhungu alipokuja na mkongojo wake, akapita katikati ya watu. Waliaula akageuza uso akatazama reli. Ondiek hakuwa mkwe wa mtu pale. Bibi alimtazama vizuri, macho kwa macho, akamshika mkono.

"Ni wewe uliyemlaza?"

"Ndiyo, mama."

"Alielekea wapi?"

Ondiek alionyesha kwa mkono. "Kwenu. Tulimwelekeza kwenu. Maji yalikuwa mengi lakini jua lilitokea kidogo, tukajua upande."

"Mungu akuweke," alisema bibi. Akamvuta kidogo, kama unavyomvuta mtoto kwenye tope, na Ondiek akashuka.

Lile bamba, lililokuwa limezama ardhini kwa miaka, liliinuliwa na wanaume wanane. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, laini, haujaona jua tangu Nangila ajue kuhesabu. Waliaula alichimba mwenyewe na hakumpa mtu zamu. Walichokipata kilikuwa kidogo. Mifupa yote ilitosha kwenye shuka moja. Kulikuwa na kitana cha plastiki cha samawati, meno mawili yamevunjika, mengine yote mazima, maana plastiki haijui kufiwa. Nangila alikichukua akakipangusa kwa kanga, akakitia ndani ya blauzi.

Waliimba hadi barabarani. Gari lilipoondoka kuelekea Bungoma, watu waliobaki walijisikia wepesi na safi, kama waliotoka kuoga. Ulidumu mpaka jioni, wepesi ule. Jioni Maximilla alipita karibu na shimo kufuata mbuzi wake, akasimama, akashika mdomo.

*

Sheryl alipopigiwa simu hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Mlikuwa na kibali cha kufukua?"

Hawakuwa nacho. Nani huomba kibali cha kumpeleka mtu kwao?

"Basi hata kusema kwamba alikuwepo siwezi kuwashauri," alisema. "Kufukua bila amri ni kosa la jinai. Ukisimama mbele ya jaji useme hapa palikuwa na kaburi, mzee, unajifunga pingu mwenyewe." Na mwisho, kwa sauti ndogo, "Niliwaambia hata majani msing'oe."

Alhamisi ya jaji hakuna aliyekwenda mjini. Kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kife, Kambi Mizani ilikuwa na watu saa nne asubuhi ya siku ya kazi, wamevaa nguo za kanisani, hawajui mikono waiweke wapi. Mvua ilikuwa imenyesha. Jaji alizunguka na viatu vya mpira, akaonyeshwa vyumba, vyoo, mti wa mpera. Wakili mpole alimfuata akiandika. Hatimaye walifika nyuma, kwenye bamba lililosimamishwa kando na shimo lililojaa maji ya kahawia. Vyura wawili walikuwa wameshahamia.

"Na hapa?" aliuliza jaji.

Wakili mpole alisema, "Inaonekana ni shimo la takataka, Mheshimiwa."

Mtu anaweza kuvumilia mengi. Waliaula alivua kofia.

"Si takataka," alisema. "Mahakamani nilidanganya. Hapa alilala mke wangu, tangu mwaka wa tisini na saba."

Jaji alimtazama, kisha akatazama vyura. "Yuko wapi sasa?"

Kila mtu alijua jibu. Hata wakili wa kampuni aliacha kuandika, akasubiri, na usoni mwake, kwa haki yote, hapakuwa na furaha.

"Tumempeleka nyumbani," alisema Waliaula.

"Sina swali, Mheshimiwa," alisema wakili wa kampuni kwa sauti ya chini.

Jaji alisimama pale kidogo. Hakuuliza habari ya kibali. Pengine ilikuwa huruma, na kama ilikuwa huruma basi ndiyo pekee iliyopatikana siku hiyo. Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata, kurasa kumi na nne. Wakapewa siku tisini.

Nakhungu alikufa siku ya sitini na tatu, akiwa amelala, viatu miguuni. Kaburi lake liko kando ya binti yake. Safari ile hawakumsafirisha wao, lakini walikwenda wote, kama vile walivyozoea.

Asubuhi ya mashine, watu walikuwa wanang'oa mabati yao wenyewe kabla hayajapondwa. Mbuzi wa Maximilla alikuwa amefungwa juu ya mkokoteni, anaangalia kila kitu kwa dharau. Waliaula aliketi kwenye bamba lake, lililolazwa tena chini, daftari magotini, kalamu mkononi, maana alikuwa amejiwekea ahadi kwamba kabla ya kuondoka atausahihisha ule mstari wa kwanza. Alifungua. Akausoma: Nabututu, mke wa Waliaula, amepelekwa nyumbani. Akausoma tena akitafuta pa kukata, na hakupaona. Akaifunga kalamu.

Ondiek alivuka reli, akaja akakaa karibu naye. Hawakutaniana. Tingatinga lilikuwa limeanzia upande wa vyoo.

"Sasa mtaenda wapi?" aliuliza Ondiek baadaye.

"Wengine wamepata vyumba Mamboleo. Nangila amepata cha kupanga, karibu na hoteli. Mimi nitarudi nyumbani."

"Umekaa huko lini? Huna hata nyumba."

"Sina."

"Shamba?"

"Ndugu zangu waligawana. Nilikuwa huku."

"Basi huko una nini, omera?"

Waliaula alifikiri kwa haki, kama mtu anayepima kilo ya mwenzake, asiongeze wala asipunguze.

"Makaburi," alisema.